Ndagala Mbichi wa Alfajiri: Samaki wa Kuanzia kwa Nyumba Isiyozoea Samaki

Ndagala mbichi, jamani! Simsemi yule mkavu wa gunia tuliyemzoea Lubumbashi, aliyekakamaa kwa jua, mwenye chumvi na mchanga, ambaye harufu yake humtangulia mlangoni. Namsema mbichi wa usiku uleule, aliyetoka majini wakati mji bado umelala, anayeng'aa beseni zima hadi unakodoa macho. Nimekula samaki tangu utoto na sikujua kwamba kitu hiki kipo! Nilikuja Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kumwona mdogo wangu anayekaa Katanika, nikashuka ufukweni asubuhi na mapema kutafuta mboga ya siku, na tangu saa ile kila ninayekutana naye hana budi kusikia habari za ndagala. Sasa ni zamu yenu.

Nilitoe mapema lililo moyoni. Kama una nyumba isiyozoea samaki, watoto wanaokunja uso, mzee anayesema samaki ananuka, na mfuko mwepesi, usianze na samaki mkubwa. Anza na mdogo kuliko wote. Najua wengi hufanya kinyume. Wakitaka kumkaribisha mtu kwenye samaki humtafutia mnofu mnene usio na miiba, sangala au kuhe, kwa bei inayomfanya mama wa nyumba azihesabu feranga zake mara mbili. Samaki akifika mezani kila mtu anamwogopa kwa sababu amegharimu, na mtoto akikisukuma kipande chake pembeni, ugomvi umeanza. Ndagala haleti ugomvi. Fungu moja linajaza sahani, mtoto akimkataa mmoja kaka yake anamchukua, na hakuna anayesimamiwa kichwani hadi amalize.

Lakini ubichi ndio siri yote. Narudia: ubichi! Watu wanaodai kwamba hawapendi samaki, ukiwachunguza, wengi hawapendi samaki aliyechelewa.

Nyumba niliyompelekea ndagala ni kipimo kizuri. Mdogo wangu aliolewa na mtu wa upande wa Nyunzu, wakaishi huko ndani miaka mingi, mashambani, mbali na ziwa, na wamehamia Katanika mwaka jana. Katanika wanawafahamu vizuri watu wa namna hiyo. Machafuko kati ya Watwa na Waluba yalipopamba moto tena kuanzia mwaka 2016, watu wengi mno wa vijiji vya ndani walikimbilia Kalemie, na Katanika ikawa moja ya kambi kubwa za wakimbizi wa ndani katika mkoa wa Tanganyika. Wapo waliorudi makwao, wapo waliobaki, wapo waliofika baadaye kwa ajili ya kazi au ndugu. Watu wa jembe na pori wakajikuta majirani wa ziwa ambalo kwa kina ni la pili duniani, mita 1,470 hadi chini, urefu wake kilomita zaidi ya 670. Ziwa lote hilo mlangoni, na chungu bado kinachemsha maharagwe!

Siyadharau maharagwe. Meza ya mdogo wangu ni meza nzuri: bukari, sombe iliyotwangwa ikalainika, lengalenga, siku ya bahati kuku. Ila samaki walikuwa wanamjua kwa sura mbili tu, na zote mbili mbaya. Ya kwanza ni kambale wa mtoni aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mweusi, mwenye ladha ya tope ambayo hakuna kitunguu kinachoiondoa. Ya pili ni thomson wa barafu, ambaye mdogo wangu alimnunua siku moja kwa mchuuzi, samaki aliyeyeyuka na kugandishwa tena mara nyingi njiani. Alipofungua mfuko nyumba nzima ilitoka nje. Thomson mwenyewe hana kosa, tumekua naye Lubumbashi, analisha mji mzima, lakini ni samaki wa bahari wa mafuta mengi na nyama nyeusi, na akishapoteza baridi hasameheki. Kwa hiyo kwa watoto hawa neno samaki lilimaanisha harufu. Kwa nkambo wao, mama mzaa baba, lilimaanisha harufu na miiba. Aliniambia mapema, kwa upole kabisa: «Mama, utupikie chochote, lakini samaki uwapikie wenyewe wa ziwa.»

Nikaenda ufukweni hivyohivyo.

Na ufukwe ule! Usiku ambao mwezi haupo, ukiangalia ziwani kutoka Kalemie unaona taa zimesambaa mbali juu ya maji, na kila kundi la taa ni wavuvi wa ndagala. Mitumbwi miwili au mitatu imeunganishwa kwa miti, wavu mkubwa umeshushwa katikati, na taa zinaning'inia juu ya maji. Mwanga unavuta vijidudu vidogovidogo vya ziwani, ndagala wanavifuata vijidudu, na mukebuka anawafuata ndagala kuja kuwala. Wote wakishajaa chini ya taa, wavu unainuliwa taratibu kutoka chini. Uvuvi huu wa taa na wavu wa kuinua ulienea kwenye Tanganyika miaka ya 1950. Zamani zilikuwa taa za mafuta za kupiga pampu, siku hizi wengi wanatumia balbu za betri na nguvu ya jua. Kunapopambazuka mitumbwi inarudi, na kabla haijagusa mchanga akina mama wameshaingia majini hadi magotini, beseni kichwani, wakiita bei.

Hapo ndipo nilipomwona. Beseni lilishushwa mbele yangu na sikuelewa ninachokitazama. Fedha tupu! Mgongo una rangi ya kijani kilichofifia inayoingia buluu, ubavu una mstari unaowaka ukimgeuza, na tumbo ni jeupe safi. Urefu wake ni kama kidole, wengine wafupi zaidi. Nilimweka mmoja kiganjani: amenyooka, ana unyevu, magamba yake ni membamba kiasi kwamba yanabaki kwenye ngozi yako yakimeta ukimwachia. Nikamleta puani, kwa sababu huko ndiko vita vyangu vilikokuwa. Maji. Harufu ya maji ya ziwa, na kwa mbali tango lililokatwa. Basi! Nilisimama pale na samaki puani mpaka mama muuzaji akacheka.

«Wa leo huyu, mama?»

«Wa sasa hivi, mama. Angalia macho. Angalia tumbo.»

Kwa maneno hayo machache alinifundisha kununua. Jicho la ndagala wa asubuhi ni angavu na jeusi katikati. Likishaingia ukungu, ameshakaa. Na tumbo ndilo shahidi mkubwa: ndagala ni laini, vimeng'enya vya tumbo lake vinaanza kumla mwenyewe mara tu anapokufa, kwa hiyo akicheleweshwa juani tumbo hupasuka. Ukikuta beseni lenye matumbo yaliyopasuka, mpite muuzaji wake kwa heshima uende kwa mwingine. Kama matumbo mengi ni mazima na wanateleza kila mmoja kivyake badala ya kugandamana, toa feranga zako. Wanauzwa kwa kopo au kwa fungu, na usisahau kuomba nyongeza, kwa sababu ya alfajiri hutolewa kwa moyo mweupe. Kila saa inayopita humpunguzia muuzaji thamani, naye analijua hilo kuliko wewe.

Ndani ya beseni moja kuna ndagala wa aina mbili, na mabingwa wa mambo ya ziwa wanawatenganisha kwa majina ya kitaalamu: *Stolothrissa tanganicae*, mdogo na mwembamba, anayeishi katikati ya ziwa na maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi, na *Limnothrissa miodon*, anayekua zaidi na kupenda kukaa karibu na ufuko akiwa mchanga. Wote wawili ni ukoo wa dagaa wa baharini, ambao zamani za kale mababu zao walizoea maji baridi wakabaki humu. Ziwa hili ni kwao. Hakuna aliyewaleta.

Ila wametolewa wakapelekwa kwingine, na hii ni habari inayonipa raha kuisimulia. Kati ya mwaka 1958 na 1960 ndagala wa ziwa hili walichukuliwa wakamwagwa katika Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa kuishi katikati ya maji. Aliyeshika kule ni yule *Limnothrissa*. Leo mtu wa Goma au Bukavu anamwita sambaza, na ukimwambia kwamba babu yake hakuwa na sambaza atakushangaa, maana kwake hakuna jioni iliyokamilika bila sahani ya sambaza wa kukaanga, ndimu na pilipili pembeni. Mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko wakamwita kapenta, wakamfanya chakula cha kila nyumba. Kizazi kimoja tu! Watu ambao hawakuwahi kumwona samaki huyu walimpokea, wakamzoea, wakamdai. Nani basi ataniambia kwamba watoto wa Nyunzu waliohamia Katanika hawataweza?

Nikapanda pikipiki na ndoo yangu kati ya magoti, nimefunika kwa kitambaa kilicholowa maji, namhimiza dereva.

Mapishi ya siku ya kwanza yanahitaji ushujaa wa kufanya machache. Ndagala wadogo hawapasuliwi wala hawatolewi kichwa. Wanaoshwa kwa maji mengi ya baridi, wanabadilishiwa maji hadi yawe meupe, kisha wanaachwa wachuje kwenye chujio. Usiruke hapo pa kuchuja, maana ndagala mwenye maji hurusha mafuta na kutoka amelegea. Chumvi kidogo. Ndimu ukipenda, mimi nilitia matone tu. Halafu unawapitisha katika unga wa muhogo, ule uleule wa bukari, unawatikisa ili unga wa ziada udondoke, na unawaingiza katika mafuta yaliyoshika moto kwelikweli, wachache kwa wachache. Mdogo wangu aliniuliza: «Yaya, mafuta gani?» Nikamwambia mawese. Kuna watakaobisha, wakitaka mafuta meupe ili ladha ya samaki isifunikwe, na nikiwapikia watu wa ziwa nitawakubalia. Lakini katika nyumba isiyozoea samaki, mawese ni sauti ya mama. Kitu kigeni kikija ndani ya mafuta unayoyajua tangu kuzaliwa, ugeni wake unapungua nusu.

Kuna ushauri mmoja niliopewa na majirani ambao siufuati: kumficha ndagala ndani ya sombe ili watoto wale bila kujua. Sombe na ndagala ni ndoa nzuri, nitaifikia. Lakini siku ya kwanza usimfiche! Mtoto akigundua kichwa cha samaki katikati ya mboga yake ya majani ataona amedanganywa, na kuanzia hapo atakuwa anaichambua kila sombe kwa kijiti. Mweke mezani waziwazi, amekaangwa, anaonekana kichwa na mkia, ale atakayetaka.

Sauti ya kwanza ilitoka jikoni. Ndagala akigusa mafuta hulia, na baada ya muda mfupi kilio kile kinabadilika, kinakuwa chembamba na kikavu, na hapo ndipo unapomtoa. Amekuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, mkia umejikunja, macho yameshapotea ndani ya ukaango. Niliweka sahani katikati, bukari kando, pilipili kwenye kibakuli, nikakaa. Sikusema neno. Wa kwanza alikuwa kitinda mimba, mtoto ambaye hata yai hulikataa. Alimshika mmoja kwa mkia, akamgeuza huku na huku, akamng'ata nusu. Krach! Sote tuliisikia. Akatafuna huku anaangalia nusu iliyobaki mkononi, akaitia mdomoni, na mkono ukarudi sahanini kabla hajameza. Dada yake, anayependa kujua kila kitu, akala watatu kwanza ndipo akauliza:

«Mama mkubwa, miiba yake iko wapi?»

«Umeshaimeza.»

Alinitazama kwa mashaka, akafungua mmoja kwa kucha, akautafuta mwiba, akaukuta mwembamba kama uzi uliokaangwa ukavunjika, akaula mbele yangu kunijibu.

Na ladha! Chumvi uliyoitia mwenyewe ndiyo inayofika kwanza, kisha ukavu wa nje unaovunjika, kisha ndani kuna nyama nyeupe iliyo laini na tamu, tamu ya kweli, isiyo na tope wala ukali. Mwishoni kabisa, kwenye tumbo, kuna uchungu mdogo sana ambao mtu mzima anaufurahia na mtoto hausikii kwa sababu ameshamshika mwingine. Ukimla pamoja na tonge la bukari na pilipili kidogo, mkono haukai. Nkambo alikula kimya. Alichukua mmoja, akamvunja kichwa akakiweka pembeni, akala mwili. Akachukua wa pili, akafanya vilevile. Wa tatu hakumvunja. Kisha akasema, «Lete pilipili hapa,» na mdogo wangu akanipiga jicho, kwa maana mama yule haombi pilipili kwa chakula asichokikusudia kukimaliza.

Sasa sikilizeni thamani yake mwilini, kwa sababu hapa ndagala anampita samaki mkubwa kwa mbali. Unapokula mnofu wa sangala unakula nyama. Unapokula ndagala mzima unakula nyama, mifupa, kichwa na maini kwa pamoja, yaani unapata kalisiamu ya mifupa, madini ya chuma na zinki, na vitamini A inayokaa zaidi machoni na kwenye maini, sehemu ambazo za samaki mkubwa huishia jalalani. Mtoto anayekua kwa bukari la muhogo anavihitaji vitu hivyo kuliko mwingine yeyote. Muhogo unashibisha, unatupa nguvu, lakini una protini chache mno, na ule mchungu, usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo, unabaki na sumu ya sianidi. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa msaada wa salfa inayotoka kwenye protini nzuri kama ya samaki. Inapokosekana kwa muda mrefu, miguu inaweza kupooza, ugonjwa unaoitwa konzo, ambao daktari Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938 huko Kwango, katika Congo yetu hii. Kulowesha muhogo vizuri hakuna mbadala wake. Lakini bukari lenye ndagala pembeni ni chakula kingine kabisa kuliko bukari lenye majani matupu! Na kwa mtoto asiye na meno bado, akina mama wa ufukweni wanatwanga ndagala mkavu aliyesafishwa hadi awe unga, kijiko kimoja kinaingia kwenye uji.

Baada ya ukaango nyumba ilifunguka. Tuliwapika kwa mchuzi: kitunguu kikaiva katika mawese, nyanya zikapondeka, chumvi, pilipili nzima isiyopasuliwa ielee juu, na ndagala wakaingizwa mwisho, chungu kikatikiswa bila kukorogwa kwa mwiko, kwa sababu ukikoroga unapata uji wa samaki. Dakika chache wameiva. Tena tukaja kwenye sombe, na hapa nasimama na kusema kwamba sijawahi kula sombe kama ile. Sombe ikaiva kwanza peke yake, mawese yakapanda juu, ndipo ndagala waliokaangwa wakamwagwa wakati chungu kinaepuliwa. Wale wa juu wakabaki wakavu, wa chini wakalainika, na majani yakachukua utamu wao. Nkambo alikomba sahani.

Je, hana kasoro? Anazo, na nisipozitaja nitakuwa nawapoteza. Kubwa ni muda. Ndagala hasubiri! Aliyenunuliwa alfajiri apikwe kabla ya adhuhuri, la sivyo umtie chumvi na kumwanika, na mtu asiye na friji, yaani karibu wote wa Katanika, hana njia ya katikati. Pili ni mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazina kazi, samaki hawakusanyiki, na asubuhi yake fungu linapungua huku bei ikipanda. Tatu ni kwamba ziwa lenyewe limechoka kuvuliwa, na nchi nne zinazolizunguka zimekuwa zikizungumza juu ya kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mimi ninayempenda ndagala nasema walipumzishe, hata kama itanibidi ningoje.

Siku asizopatikana mbichi, mkavu anaingia kazini, na sasa kwa kuwa nyumba imeshamjua ndugu yake, hawamwogopi tena. Ila chagua. Wa kuanikwa mchangani ufukweni ni rahisi na analeta mchanga kwenye meno. Wa kuanikwa juu ya chanja, penye hewa kupita chini, ni ghali kidogo na anastahili kila feranga. Angalia rangi: mkavu mzuri bado anang'aa fedha, mbaya amegeuka njano au kahawia. Msimu wa mvua kuwa mkali zaidi, maana ndagala wasiopata jua la kutosha huoza huku wanakauka, na ndiyo asili ya ile harufu iliyowachosha watu wengi wa mbali na ziwa. Nyumbani mtoe kichwa kama kina mchanga, mwoshe kwa maji vuguvugu mara kadhaa, umchuje, umkaange kidogo bila kitu chochote kabla ya kumtia kwenye mchuzi.

Na ngazi inayofuata? Mukebuka, bila shaka, yule yule anayewafuata ndagala chini ya taa. Bujumbura wanamwita mukeke, Kigoma mgebuka. Ni ukoo wa sangala lakini mwembamba, na kwa kuwa anakula sana ndagala nyama yake ina mafuta mazuri, inachomeka vizuri juu ya makaa, na miiba yake ni mikubwa inayoonekana, ya kutoa kwa mkono. Wadogo wake hawagharimu sana wakiuzwa kwa fungu. Kuhe atafuata siku ya sherehe, mnofu wake mweupe, mnene, mtulivu, samaki anayehesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa ukoo wa tilapia. Lakini kwa kuhe unaenda na pesa, na unaenda ukiwa na watu ambao tayari wanapenda samaki.

Jumamosi nashuka tena ufukweni kutafuta mikebuka midogo ya kuchoma. Kitinda mimba anataka twende wote akaone taa zikizimwa, na nimemwambia ni lazima aamke kabla ya jogoo. Nkambo ameuliza swali moja tu, kama mukebuka naye huliwa na kichwa chake. Nimemjibu: «Mama, kichwa tunakitoa, tunakipikia mchuzi wake peke yake.» Ameniambia nilete viwili.